OpenSSL yetu bado inasomeka 1.1.1f: je, mwanya wa CVE-2022-0778 umezibwa?

Msimamizi wa seva, Mbozi
Ndugu wanajukwaa, poleni na kazi. Ninasimamia seva ya SACCOS ya wakulima wa kahawa, ambayo matawi yetu hujiunganisha nayo kwa vyeti vya kidijitali. Mkaguzi ameandika kwamba tuko hatarini kwa mwanya huo wa usalama (CVE ni namba yake ya utambulisho) ulio katika OpenSSL, maktaba ya programu inayosimba mawasiliano, kwa sababu marekebisho yalitoka katika toleo la 1.1.1n, tarehe 15 Machi 2022. Huwa naweka masasisho ya Ubuntu 20.04 kila yanapotoka, lakini nikiandika "openssl version" naiona ileile f. Je, mkaguzi yuko sahihi? Na akiba za wanachama zinaweza kuibwa kupitia hapo?

Mwalimu wa kompyuta, Iringa
Nianze na akiba, maana ndiyo inayowanyima watu usingizi. Mwanya huu hauibi wala hausomi siri, unasimamisha huduma. Ufunguo wa umma ulio ndani ya cheti unaweza kuandikwa kwa ufupi, nukta yake ikapewa jira moja tu, yaani namba moja kati ya mbili zinazoonyesha mahali ilipo, na maktaba ikalazimika kukokotoa kipeuo cha pili ili kuipata jira iliyobaki. Hesabu hiyo hutegemea moduli (namba ya kugawia ili kupata baki) iliyo namba tasa. Tavis Ormandy wa Google aligundua kwamba moduli isiyo tasa inaweza kuifanya BN_mod_sqrt, sehemu ya OpenSSL inayokokotoa kipeuo hicho, izunguke bila kikomo, na kichakataji kikabaki kimeshikwa hapo. Linalonisumbua zaidi ni kwamba cheti huchambuliwa kabla saini yake haijahakikiwa, hivyo mshambuliaji hahitaji mamlaka yoyote imtambue. Hujitengenezea cheti chake mwenyewe. Seva ya kawaida isiyodai vyeti vya wateja haifikiki kirahisi kwa njia hiyo, ila yako inavidai.

Fundi mitambo, Njombe
Ndugu yangu wa Mbozi, herufi f peke yake si ushahidi. Ubuntu haikuhamia n. Ilichukua kiraka (msimbo unaoziba mwanya) na kukitia ndani ya f. Andika "dpkg -l libssl1.1", amri inayoonyesha toleo la kifurushi cha maktaba hiyo: ukiona 1.1.1f-1ubuntu2.12 au namba ya juu zaidi, kiraka kimo, na matokeo hayo ndiyo ya kumpelekea mkaguzi.

Usiishie hapo, tafadhali. Mwaka ule niliweka sasisho jioni nikaenda kulala, kumbe nginx, programu ya seva ya wavuti, ambayo haikuwa imewashwa upya kwa miezi, ilikuwa bado imeshikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu. Niliijua kwa "lsof", amri inayoorodhesha mafaili yanayotumiwa na programu: mbele ya libssl.so.1.1 palikuwa na neno DEL, maana yake faili limeshaondolewa kwenye diski lakini programu ingali inalitumia.

Msimamizi wa seva, Mbozi
Nashukuruni sana, wakuu. Kifurushi kimepita 2.12, ila DEL ninaiona kwenye mistari minne, yote ya huduma inayopokea matawi. Nimewapigia simu wahasibu. Wakishafunga hesabu saa kumi na moja jioni naiwasha upya, kisha natazama tena mistari hiyo kabla ya kumjibu mkaguzi.