Bega la sanamu ya Popeye limekaza: nifanyeje?

Mkusanyaji, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Nina sanamu ya Popeye, yule baharia wa katuni aliyebuniwa na mchoraji E. C. Segar mwaka 1929, yenye viungo vinavyokunjika. Tangu niiweke kwenye rafu iliyo karibu na dirisha linalotazama ziwa, plastiki inanata vidoleni, na bega la kulia limekaza kiasi kwamba naogopa kulivunja.

Fundi wa Modeli, Nakuru
Pole sana, ndugu. Usilizungushe likiwa baridi, kwa maana pini ya ndani hukatika kwa urahisi. Litumbukize katika maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja hivi, kisha ulizungushe polepole, huku ukiushika mkono karibu na kiungo chenyewe, wala si kwenye ngumi. Kunata huko hutokana na kilainishi, yaani kemikali inayoifanya plastiki iwe laini, kinachojitokeza juu ya plastiki ya aina ya PVC, na joto huzidisha hali hiyo; ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha uiondoe juani.

Msomaji, Kakamega
Naongeza kwamba usiifungie katika mfuko wa plastiki, kwani itanata zaidi.

Mkusanyaji, Kisumu
Asanteni sana. Bega limezunguka, na rangi ya nanga iliyochorwa mkononi mwake haikubanduka.