Kiuno kinaniuma: nipige siti-apu, pilate au yoga?

Boda_Busia: Habari zenu ndugu. Naendesha bodaboda hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka wa saba huu. Asubuhi nikiinama kufunga kamba za viatu, kiuno kinakaza mpaka nishike ukuta ndipo ninyooke. Nilipigwa picha, nikaambiwa mifupa iko sawa, misuli ya ndani imelegea, nifanye mazoezi. Yapi? Sikuambiwa. Nimepiga siti-apu, ile ya kulala chali na kuinuka ukae, 100 kila usiku kwa wiki mbili, maumivu yamezidi. Nisaidieni, pikipiki hii ndiyo karo ya watoto.

Fizio_Mbarara: Pole sana kaka. Siti-apu acha leo hii. Zinazibana pingili za kiuno, na wewe umeshinda umejikunja kwenye tandiko. Tena zinashughulisha zaidi misuli ya juu, ile inayoonekana. Inayotuliza uti wa mgongo iko ndani: mmoja umezunguka tumbo kama mshipi, mingine midogo imeshikana na pingili kwa nyuma. Mtu mzima wa afya akitaka kuinua mkono, ule mshipi hukaza kabla mkono haujainuka. Kwa wengi wenye maumivu ya kiuno, unachelewa.

Anza hivi: piga magoti, mikono chini kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, hesabu hadi 10, badilisha. Weka kikombe cha maji mgongoni, kikimwagika, umeyumba. Stuart McGill wa Kanada, aliyechunguza migongo miaka mingi, analiweka zoezi hili kati ya matatu yake makuu.

Nikuulize: mguu unakufa ganzi? Ukipata ganzi pale unapokalia tandiko, au mkojo ukikushinda, nenda hospitali usiku huohuo.

Mama_Kasese: Mimi pilate, yale mazoezi ya polepole ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, ilinisaidia baada ya kujifungua. Siri yake ni pumzi: unaitoa taratibu, kitovu kinaingia ndani polepole, halafu ndipo unasogeza mguu. Yoga nayo nzuri, ila ile ya kuinama hadi ushike vidole vya miguu iache kwanza.

Mzee_wa_Arua: Mwanangu, jimu si lazima. Beba jerikeni kwa mkono mmoja, anza na lita 5, tembea wima bila kulalia upande. Utasikia ubavu wa pili unavyofanya kazi. Badilisha mkono.

Boda_Busia: Asanteni sana. Shikamoo mzee. Ganzi hakuna. Kikombe kimemwagika mara tatu, zote nikinyoosha mguu wa kushoto. Je, nifanye mara tu nikiamka?

Fizio_Mbarara: Endelea na upande huo polepole, usiinue mguu juu sana. Na usifanye mara tu ukiamka. Usiku ile mito laini kati ya pingili hufyonza maji ikajaa, kwa hiyo asubuhi kujikunja kunaiumiza zaidi. Tembea kwanza, ngoja kama saa moja. Viatu navyo, weka mguu juu ya kigoda ndipo ufunge kamba.