Chakula cha asubuhi cha Amerika ya Kilatini kwenye restora ndogo ya Goma: nianze na sahani gani?

restora_katindo
Wakubwa, nawasalimu. Restora iko Katindo: meza sita, babula mbili, resho moja ya gazi. Asubuhi tunauza chai ya maziwa, mandazi, omoleti, chapati na maharagi. Wateja wa mashirika wanaulizia tortilla (chapati nyembamba ya mahindi) na mayai, arepa (mkate mnene wa duara wa mahindi), ndizi ya kuponda. Nataka kuongeza sahani mbili tu, kwa vitu vya soko la Virunga au Birere, bila kuagiza unga wa nje. Kuanzia mtu anapoagiza, zisipite dakika kumi.

Mambo mawili yanasumbua: arepa za unga wa kawaida wa bugali zinapasuka na kumeguka kikaangoni, na fromaji ya Masisi ikikaangwa inayeyuka yote. Shida iko wapi?

mpishi_himbi
Mama, tortilla iache kwanza. Ile ya Mexico haitokani na unga wa bugali. Mahindi mazima huchemshwa na chokaa ya chakula, karibu gramu 10 kwa kilo, yakalala usiku kucha ndani ya maji hayo, yakaoshwa, ndipo yakasagwa yangali na maji. Chokaa ndiyo inayofanya donge lishikane na kutandazika. Usijaribu ile ya kupaka nyumba, si ya kula. Na ukiweka chapati badala yake, chini ya mayai na mchuzi wa nyanya, italowa kabla haijafika mezani.

Anza na mangú, ile ndizi ya kuponda ya Jamhuri ya Dominika. Kwa sahani nne: makemba (ndizi ndefu za kupika) mabichi makubwa sita, yamenye, yakate vipande, yachemshe na chumvi dakika 25 hadi kisu kipite bila kusukumwa. Chota vikombe viwili vya maji ya kuchemshia kabla hujamwaga mengine. Ponda yangali moto kabisa, weka siagi vijiko vitatu vya mezani, kisha ongeza yale maji kidogo kidogo. Acha iwe laini kuliko unavyoona inafaa, maana wanga wa ndizi hukaza ukipoa: mangú iliyo sawa sufuriani itakuwa ngumu mezani. Ikikaza, usiponde tena ikiwa kavu. Mimina maji moto, funika, subiri dakika mbili, ndipo ukoroge.

Juu yake panda vitunguu vyekundu viwili vilivyokatwa pete, vipitishwe kwenye mafuta na siki vijiko viwili kwa dakika tatu tu. Vikiiva hadi kulegea, sahani nzima inapooza. Ile siki ndiyo inayoamsha ndizi. Wenyewe huila na mayai ya kukaanga, salami na fromaji ya kukaanga. Soseji yoyote ya hapa inashika nafasi ya salami.

wa_kadutu
Nyongeza fupi kutoka Bukavu: makemba, si bitoke. Bitoke ina maji mengi, ukiponda inavutika kama gundi. Na chagua yaliyo kijani kabisa. Yakianza manjano yanaingiza sukari, na vitunguu vya siki havipatani nayo. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu ule hautoki kwenye kucha.

maziwa_sake
Kuhusu fromaji, mafuta yako hayana kosa. Fromaji ya Masisi ni ya kukomaa, jamaa ya gouda ya Uholanzi. Asidi inayojijenga ndani yake inapunguza kalisi inayoshikanisha protini, kwa hiyo ikipata moto zinateleza na fromaji inatiririka. Ile ya kukaanga ya Dominika haiachiwi ichachuke hivyo, ndiyo maana inapata rangi bila kuyeyuka. Kwa hiyo ya Masisi itumie pale kuyeyuka ni faida: ndani ya arepa, au juu ya mayai na kifuniko.

Ya kukaanga itengeneze mwenyewe, kazi ya saa nne na nyingi ni kusubiri. Maziwa lita tano, yapashe hadi yanakaribia kuchemka, ukikoroga chini yasiungue. Ondoa motoni, mimina siki vijiko viwili hadi vitatu vya mezani kwa kila lita, polepole, na uache kukoroga mara maji yanapojitenga na kuwa na rangi ya kijani-njano. Yakibaki meupe, siki haijatosha. Acha dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, funga, kandamiza kwa jiwe saa tatu. Utapata gramu 600 hadi 750. Ukipata chini sana ya hapo, bidon yako imeongezwa maji, na hilo linatokea zaidi kuliko wauzaji wanavyokubali.

Kata vipande vya sentimita moja na nusu, futa maji, kaanga kwa mafuta moto dakika mbili kila upande. Hii imegandishwa kwa siki maziwa yakiwa moto sana, si kwa kuchachuka polepole, kwa hiyo haiyeyuki kabisa, hata ukiisahau.

kahawa_na_arepa
Arepa nayo inawezekana. Unga wa Venezuela umeshapikwa kiwandani, ndiyo maana maji ya vuguvugu yanautosha; chapa yake maarufu, Harina P.A.N., imeuzwa tangu 1960. Wako ni mbichi, wanga wake haujafunguka, kwa hiyo hauna cha kushikia. Basi upike nusunusu: chemsha maji mililita 650 na chumvi, pika humo gramu 200 za unga mpaka uji mzito, toa motoni, kisha ingiza gramu 300 zilizobaki ukikanda kwa mwiko halafu kwa mkono. Funika dakika kumi. Tengeneza duara za unene wa sentimita moja na nusu, mikono ikiwa na maji. Ukingo ukipasuka, donge linataka maji, si unga.

Kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika saba kila upande, kisha dakika kumi zaidi na kifuniko kwa makaa machache. Hizi za mwisho usiziruke, ndani kuna unga mbichi. Zinatoka kama kumi. Zipike alfajiri, mteja akiagiza unapasha dakika tatu, unapasua, unaweka fromaji ya Masisi na avoka yenye ndimu.

Lakini mimi ningeanza na gallo pinto ya Kosta Rika, wali na maharagi ya kukaanga pamoja, kabla ya mangú. Maharagi unayo tayari. Kitunguu na pilipili hoho kwenye mafuta, maharagi vikombe viwili na nusu kikombe cha mchuzi wake, wali vikombe vitatu, moto mkali mpaka mchuzi ukauke, kotmiri mwishoni. Yai, makemba yaliyoiva ya kukaanga, basi.

restora_katindo
Asante sana. Wali wa jana unafaa? Friji ipo ila umeme unakatika usiku.

mpishi_himbi
Kwa umeme huo, hapana. Wali uliolala kwenye joto unazalisha sumu ambayo kukaanga hakuiondoi. Upike alfajiri, maji kikombe kimoja na nusu kwa kikombe cha mchele, utandaze kwenye sinia nusu saa. Punje zinakauka vya kutosha. Maharagi loweka jioni na uyabandike mapema: Goma iko karibu mita 1,500 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, yanachelewa kulainika. Yachemke kwa nguvu dakika kumi za kwanza, mekundu yasipochemka vizuri yanaharibu tumbo. Nyanya na siki weka baada ya kulainika, asidi inakaza ganda.