Filamu ya pepo ikiruhusiwa sinema, izuiwe nyumbani?

Wadau, mimi nasema hapana, na mfano wangu ni The Exorcist.

Uingereza iliiruhusu sinema mwaka 1974, kwa watu wazima, bila kukatwa hata kipande. Kanda za video zikauzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha ikaja sheria ya 1984 iliyotaka kila kanda iwe na cheti cha bodi ya ukaguzi, na mkuu wa bodi, James Ferman, akakataa kuipa. Mwaka 1988 kanda zikaondolewa madukani, na cheti hakikutoka mpaka 1999, Ferman akiwa ameshaondoka. Alihofia watoto wangeiona nyumbani, hasa wasichana wa rika la Regan, binti wa miaka 12 anayepagawa.

Hofu hiyo naiheshimu. Anayesema "ni maigizo tu" hajakesha na mtoto anayeogopa giza. Ila zuio halikumlinda mtoto huyo: kanda za magendo zilipita mkono kwa mkono, na sifa ya kuwa marufuku ikazidi kuwavuta vijana.

Tena filamu yenyewe sivyo inavyosimuliwa. Wengi wanangoja shingo inayozunguka na matapishi ya kijani. Itazame nyumbani kwa utulivu, utaona kinachoumiza zaidi kiko hospitalini: binti amelazwa, sindano inaingia shingoni, damu inaruka, mashine zinagonga, na mama yake hapati jibu kwa daktari yeyote. Hapo hakuna pepo hata mmoja! Padri anaitwa baada ya waganga wa hospitali kuishiwa, naye Karras, padri aliye pia daktari wa akili, imani yake inayumba. Hii ni kazi ya kumfikirisha mtu mzima.

Anayeitafuta achukue toleo la 1973. Lile refu la 2000 limeongeza binti anayeshuka ngazi kinyumenyume kama buibui, na kwangu linamaliza hofu mapema mno. Vaa vipokea sauti pia. Sauti ya pepo, ya Mercedes McCambridge, ni nusu ya filamu, na spika za televisheni huiua.

Sasa anayetetea zuio anijibu: mtu mzima aliyeruhusiwa kuitazama ukumbini anapokonywa ruhusa hiyo kwa hoja gani akiwa kwake, ambako anaweza kuisimamisha, kuwasha taa au kuizima kabisa?