Wapangaji Nyumba ya Bibi, Mbagala

19:02 Mama Nasra: Habari za jioni. Kufuli la choo cha pili, 5,000 kila chumba. Waliotoa wawili tu. Wengine mnasoma mnanyamaza.

19:03 Mama Nasra: Na hili si la usafi tu. Kuna mtu humu kapimwa zahanati, kaambiwa ana gono, anasema kaipata chooni. Choo chetu hikihiki. Aliyeileta tunamjua, sitaji chumba.

19:20 Dullah: Vyumba vyenyewe sita 😂

19:21 Baba Kelvin: Choo cha kuchuchumaa, gono inaruka kama chura?

19:22 Dullah: Chura kavaa kandambili 😂😂

19:24 Mama Nasra: Chekeni. Nasra wangu anaingia humohumo.

19:41 Nesi Neema: Ndiyo natoka zamu. Mama Nasra, wadudu wa gono wanataka joto na unyevu wa mwili. Wakidondoka sakafuni wanakauka, wanakufa. Kaswende hivyohivyo, na virusi vya ukimwi. Choo hakimpi mtu gono. Watu wazima wanapeana kwa kujamiiana, na mama anaweza kumpa mtoto akijifungua.

19:44 Mama Nasra: Mbona mimi niliumwa UTI nikaambiwa ni choo?

19:47 Nesi Neema: UTI si gono. Wadudu wake mara nyingi wanatoka kwenye haja kubwa ya mtu mwenyewe. Ndiyo maana tunawaambia wanawake wajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma.

19:50 Nesi Neema: Mnachotakiwa kuogopa ni ule wembe juu ya tofali bafuni, wenye kutu pembeni. Nimeona wanaunyolea zaidi ya mmoja. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa siku 7 nje ya mwili, na damu yenyewe huioni kwa macho. Na taulo msiazimane, chawa wa sehemu za siri na upele vinapitia humo.

19:52 Baba Kelvin: Wembe si wangu jamani.

19:52 Dullah: Nani kakuuliza 😂

20:15 Mama Kulwa: Nilikuwa jikoni. Kabla ya kufuli, hela ya gari la kunyonya choo tuliyotoa Ramadhani iko wapi? Gari halikuja.

20:16 Mama Nasra: Mama Kulwa usianze. Nilishaeleza.

20:16 Mama Kulwa: Ulimweleza nani?

20:19 Nesi Neema: Jamani. Huyo aliyepimwa atibiwe pamoja na mwenzake. Akimeza dawa peke yake ataambukizwa tena. Anifuate pembeni, sitamwambia mtu.

20:40 Hamisi mjukuu: Bibi kasema niandike kama alivyotamka. "Binti wa chumba cha nne leo siku ya tatu anakwenda kukoga kwa dada yake Kongowe, taulo kalitia kwenye rambo, na maji yamo humu ndani. Nyumba hii kaijenga marehemu mume wangu. Choo hakifungwi kwa ajili ya mtu. Mama Nasra, kesho alfajiri uje kwangu, na hizo hela uje nazo."

20:58 Baba Kelvin: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

21:05 Dullah: Shikamoo Bibi.

21:30 Mama Nasra: Shikamoo Bibi. Nitakuja. Ila kufuli nimeshanunua, na dukani hawarudishi hela.

21:33 Mama Kulwa: Hela zipi anazosema Bibi, za kufuli au za gari?

23:10 Nesi Neema: Mwanaidi mdogo wangu, nimebisha hodi hukuitika. Ndoo ya maji nimekuwekea mlangoni.