Kompyuta za steshenari: kijana wangu wa dukani awe msimamizi, au nimpe akaunti ya kawaida?

MamaSteshenari (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo Mazimbu, karibu na chuo. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine moja ya kopi. Kazi zetu mnazijua: ripoti za wanachuo, kuskani vyeti, kadi za michango, ratiba za mazishi, na msimu wa mikopo ukifika tunashinda na maombi ya HESLB na uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA mpaka usiku.

Wiki tatu zilizopita nimepata pigo. Mwanafunzi alitaka vyeti vyake vinne viunganishwe kuwa PDF moja. Kijana wangu hakuwa na programu ya kazi hiyo, akapakua moja ya kulipia iliyochakachuliwa ili itumike bure. Maelekezo yake yalisema zima kwanza kinga ya virusi. Akazima. Alipoifungua, kioo kikafifia na Windows ikamuuliza kama anairuhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kompyuta. Akabofya Ndiyo. Simlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nimebofya Ndiyo hapo kwa miaka bila kusoma, na yeye kazi kajifunza kwangu.

Baada ya muda mfupi mafaili yakaanza kugoma kufunguka. Kila jina lilikuwa limeota mkia wa herufi nne nisizozijua, na kila folda ilikuwa na karatasi iitwayo _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Kwenye mashine hiyo kulikuwa na ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa hapa mtaani, nakala 150, ilitakiwa asubuhi inayofuata. Nilikaa nikaichapa upya usiku ule kutoka kwenye daftari ambalo familia ilituachia, jina moja moja, wajukuu wote 31. Picha ya mzee niliwaomba wanitumie tena WhatsApp, saa sita usiku, watu wakiwa msibani. Aibu ile siisahau. Kazi nyingine za miaka minne zimekwenda. Sikulipa.

Fundi amepiga Windows upya kwa elfu thelathini. Nilipomuuliza kuhusu akaunti alisema dukani inafaa akaunti moja tu ya msimamizi, yaani yenye ruhusa ya kubadili kila kitu, bila nywila, maana ukiweka ya kawaida kila kitu kitagoma. Mtoto wa dada yangu anasomea kompyuta, yeye anasema kinyume kabisa. Nimsikilize nani? Na wale wanaosema niache Windows nihamie mfumo mwingine, Linux, wana hoja?

Kibodi_Kongwe (Dar es Salaam)

Pole sana mama, na umefanya vema kutolipa. Mimi nimeanza kazi hizi enzi za Windows 98, na naona fundi wako amekushauri vibaya, ingawa nadhani najua alikoitoa tabia hiyo.

Windows 95 na 98 hazikuwa na mgawanyo wa madaraka hata kidogo. Aliyekaa mbele ya kioo ndiye mwenye mashine. Hata lile dirisha la jina na nywila mwanzoni, ukibonyeza Esc ulikuwa unaingia vilevile. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na uwezo wa kutenganisha watumiaji, maana ilijengwa juu ya Windows NT, ile ya maofisini. Shida ni kwamba akaunti uliyofungua wakati wa kuisimika ilikuwa ya msimamizi moja kwa moja, na waandishi wa programu wakazoea hivyo. Programu nyingi za wakati ule ziliandika mambo yake ndani ya Program Files, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Ukijibana kwenye akaunti ya kawaida, kweli, kila kitu kinagoma. Mafundi wengi walijifunzia hapo na wamebaki hapo.

Mwaka 2007 Windows Vista ikaingia sokoni na lile swali la kioo kufifia. Msimamizi akiingia, Windows humpa vitambulisho viwili: kidogo cha kutembea nacho siku nzima, na kikubwa kinachowekwa pembeni. Ukibofya Ndiyo, programu iliyoomba inakabidhiwa kikubwa. Watu walilichukia swali hilo kwa sababu lilikuja kila dakika, Windows 7 ikalipunguza.

Sasa sikia tofauti. Kwa mwenye akaunti ya kawaida hakuna Ndiyo ya bure. Panatokea kisanduku cha nywila ya msimamizi, na asiyeijua hapiti. Kijana wako angelazimika kukupigia simu, na wewe ungemuuliza ni programu gani hiyo. Kwa kibofyo kimoja hilo halikutokea.

Ngarenaro_IT (Arusha)

Mkuu Kibodi nakuheshimu, lakini mama akikusikiliza wewe peke yako ataibiwa tena.

Mafaili yaliyofungwa yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya kijana, au ya duka lakini kijana anayafungua na kuyahifadhi kila siku. Kuandika juu ya faili lako mwenyewe hakuhitaji idhini ya msimamizi. Word inafanya hivyo kila ukihifadhi. Kirusi kikiendeshwa kwa jina lako, chochote unachoweza kugusa wewe nacho kinagusa. Kijana angeweza kuwa na akaunti ya kawaida, kirusi kikaanza bila kuomba nywila yoyote, na ratiba ya mazishi ikafungwa vilevile.

Akaunti ya kawaida inalinda Windows. Windows fundi anaipiga kwa elfu thelathini. Kazi za wateja za miaka minne hakuna fundi wa kuzipiga upya, na ndizo zilizokuwa zinahitaji ulinzi tangu mwanzo.

Angalia pia kirusi cha kudai fidia kilichoitwa WannaCry, 12 Mei 2017. Ile ilipita kwenye mtandao, kupitia huduma ya kushirikisha mafaili ambayo mfumo wenyewe ndio unaiendesha. Kompyuta ilishambuliwa bila aliyeikalia kubofya kitu, awe msimamizi au mtumiaji wa kawaida. Hospitali za Uingereza ziliahirisha hata upasuaji. Na kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, Microsoft ilikuwa imekitoa Machi, miezi miwili kabla. Nina wateja hapa Arusha wanaozima masasisho kwa sababu yanakula bando. Nawaelewa, bando ni pesa, lakini hilo ndilo tundu kubwa kuliko aina ya akaunti. Mama, kama fundi amekupigia Windows 10, jua pia kwamba msaada wake wa kawaida ulikwisha 14 Oktoba 2025.

Ushauri wangu: nunua diski mbili za nje za bakapu, sasisha, acha vitu vilivyochakachuliwa. Kuunganisha PDF kuna PDFsam Basic, ni bure kihalali. Habari za akaunti ni za mwisho kabisa.

Kibodi_Kongwe (Dar es Salaam)

Hapo kwenye mafaili umenipata, sina ubishi. Hata Microsoft wenyewe wamesema lile swali la kioo kufifia, kwa mtu ambaye tayari ni msimamizi, wao hawalihesabu kuwa mpaka wa usalama.

Lakini usiseme akaunti ni za mwisho. Virusi vya kudai fidia hupenda kufuta zile nakala za zamani za mafaili ambazo Windows huzitunza, kama ulikuwa umewasha kipengele hicho. Kuzifuta kunahitaji msimamizi. Kuzima kinga ya virusi kunahitaji msimamizi. Rudi kwenye maelezo ya mama: hatua ya kwanza kabisa aliyoambiwa kijana ilikuwa kuzima kinga. Kwenye akaunti ya kawaida angekwama palepale, kabla hata ya kufungua hiyo programu.

Na akaunti tofauti maana yake kabati tofauti. Mama akiwa na akaunti yake na nyaraka zake zikawa ndani ya folda za akaunti hiyo, kirusi kwenye akaunti ya kijana hakizifikii. Ila kuna mtego ambao nimewahi kunaswa nao mimi: sisi huku tuna mazoea ya kutupa kila kitu kwenye diski D ili fundi akipiga Windows kisipotee. Kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, diski D inaruhusu kila aliyeingia kwenye kompyuta aandike na afute. Unatenganisha akaunti halafu mali yote imelala uani. Mama, bofya kulia kwenye folda yako ya D, ingia sehemu ya usalama, angalia nani ameruhusiwa kuandika. Usipoona sawa, hamishia nyaraka kwenye akaunti yako.

Pengwini_wa_Rongai (Kenya)

Salamu kutoka Rongai, na pole mama. Mimi natumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwenye tarakilishi zangu zote tangu nikiwa chuoni, lakini sitakuambia uhamie halafu ulale.

Uzuri wake ni kwamba tangu toleo la kwanza, Oktoba 2004, akaunti ya root, yaani msimamizi mkuu, imefungwa. Ukitaka kusakinisha kitu unatumia sudo, amri ya kuazima madaraka ya root, na nenosiri lako, na programu nyingi zinatoka kwenye hazina moja inayosimamiwa, si kwenye tovuti ya mtu usiyemjua. Hilo la pili ndilo lingemsaidia kijana wako kuliko yote. Lakini Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro kwenye programu iitwayo pkexec, inayokuja na Linux nyingi, iliyokuwa imekaa humo tangu 2009. Mtumiaji yeyote wa kawaida aliyekuwa ndani ya mashine angeweza kujigeuza root. Mwaka mmoja kabla yake sudo yenyewe ilikutwa na yake, ya karibu miaka kumi. Nilisasisha mashine zangu usiku huohuo nikiwa natetemeka, maana moja ilikuwa ya mteja.

Na hoja ya ndugu wa Arusha inasimama hata huku. Ninachokihifadhi mimi kwenye folda yangu, programu yoyote ninayoifungua inaweza kukisoma na kukifuta. Linganisha na simu yako ya Android. Ndani yake kuna kiini kilekile cha Linux, lakini kila programu imepewa utambulisho wake kama mtumiaji wa pekee, na kwa hiyo programu ya tochi haiwezi kufungua folda ya programu ya benki. Wazo la kumpa kila mtu na kila programu uwezo unaotosha kazi yake tu liliandikwa wazi na wataalamu wa kompyuta Saltzer na Schroeder mwaka 1975. Miaka 50, na tarakilishi ya mezani bado inaiachia programu moja kila kitu cha mwenye nayo. Hili huniuma kweli.

Kwa duka lako: wateja wanaleta faili za Word zenye mpangilio wao, ukihamia mazima zitavurugika na watakuja juu. Tenga mashine moja, ile nzee, iwe Ubuntu, na iwe ndiyo pekee inayopokea flashi za wateja.

MamaSteshenari (Morogoro)

Asanteni sana ndugu zangu. Narudi baada ya siku kumi niwaeleze nilichofanya.

Kila mashine sasa ina akaunti mbili. UTAWALA ni ya msimamizi, nywila ninayo mimi na mtoto wa dada yangu. KAZI ni ya kawaida, ndiyo anayoingia kijana, na mimi pia nikikaa kuchapa naingia hiyohiyo. Fundi alisema kila kitu kitagoma. Kiligoma kitu kimoja tu, ile programu yetu ya mahesabu ya duka, ilikuwa haihifadhi mauzo. Mtoto wa dada yangu akagundua inaandika ndani ya folda yake kwenye Program Files, akairuhusu akaunti ya KAZI iandike kwenye folda ile peke yake. Ikatulia. Kaka Kibodi, ni jambo lile ulilolieleza la enzi za XP, na programu hiyo tumeinunua mwaka juzi tu.

Diski D ilikuwa wazi kabisa kama ulivyosema. Nimehamisha.

Kaka wa Arusha, nimenunua diski ya nje moja, ya pili mwezi ujao Mungu akijalia. Naichomeka saa mbili usiku tukishafunga, nanakili, nachomoa, naondoka nayo kwenye mkoba. Masasisho yanashuka usiku kwa bando la usiku. Ubuntu bado, printa kubwa haijakubaliana nayo.

Juzi sasa. Niko sokoni, kijana ananipigia. Printa ndogo ilikuwa imegoma, akatafuta draiva yake, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta, mtandaoni, akapakua, na kisanduku kinataka nywila. Mteja amesimama, ana haraka ya kuwahi basi Msamvu. Zamani ningemtajia nywila kwenye simu yaishe. Nikamwambia nisomee kilichoandikwa. Akasema juu kuna rangi ya njano, na kwenye mchapishaji pameandikwa hajulikani. Nikamuuliza umeipata tovuti gani. Akanitajia jina refu ambalo halikuwa la kampuni ya printa, ni lile la kwanza kabisa, lenye alama ya tangazo.

Nikamwambia abofye Hapana, amchapie mteja kwenye printa kubwa kwa bei ileile, anisubiri. Nilipofika tuliingia pamoja kwenye tovuti ya watengenezaji, tukapakua draiva yao. Kisanduku kikaja cha bluu, jina la kampuni limeandikwa. Nikaandika nywila mwenyewe, na kijana amesimama nyuma yangu akisoma mstari kwa mstari.