Mrejesho: Kinjeketile tumeshaicheza

Wakuu nimerudi. Niliwaomba ushauri, chuoni nimepewa nicheze Kinjeketile, yule wa Vita vya Majimaji aliyewaambia watu maji yatawakinga na risasi za Wajerumani, kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein, na ile sini ya mwisho anapokataa kusema maji yalikuwa uongo nilikuwa napiga kelele tu, dairekta ananikatisha kila siku. Mmoja wenu akaniambia acha kukariri kwanza, kila mstari jiulize huyu anataka nini. Aisee! Nikagundua pale anamjibu mwenzake Kitunda lakini akili yake iko kwa watoto watakaozaliwa baada ya vita. Basi Ijumaa nikaisema taratibu, nimekaa chini, mikono imefungwa kamba ya katani, ukumbi kimyaa mpaka feni inasikika. Bibi yangu katoka Songea kuja kuangalia, alilia. Asanteni sana.